Nataka Binti Yangu Ndiye Aseme kwa Niaba Yangu Nikizidiwa. Sheria Inaniruhusu?

Swali

Habari yako. Mimi ni mama wa miaka 64, mjane, mwalimu mstaafu, ninaishi Migosi hapa Kisumu. Nimeishi na sukari na presha kwa miaka mingi. Mwaka jana nilianguka sebuleni nikalazwa siku mbili bila fahamu. Nilipozinduka ndipo nikasimuliwa yaliyotokea nje ya wodi. Kifungua mimba wangu, anayefanya kazi Qatar, alikuwa akitoa amri kwa simu kwa sababu yeye ndiye angelipa. Shemeji yangu alifika kutoka Ugenya akasema mambo ya boma huamuliwa na wanaume wa boma. Binti yangu wa pili, aliyenifikisha hospitali na ambaye huenda nami kliniki kila mwezi, aliambiwa anyamaze kwa kuwa ameolewa kwingine. Mimi nataka huyo binti ndiye aseme siku nikishindwa kusema. Sheria inaniruhusu? Na nikimchagua yeye, si nitawatenganisha watoto wangu?

Jibu

Mama, pole kwa yaliyokupata, na nashukuru umeuliza ukiwa na nguvu zako. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii wodini kwa miaka mingi, na swali hili huwa naletewa na watoto waliosimama kwenye korido, mgonjwa akiwa ameshazidiwa. Ni nadra kuletewa na mwenye mwili.

Ndiyo, sheria inakuruhusu. Tena inampa uliyemchagua nafasi ya juu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 9, inaeleza nani atoe idhini ya matibabu mgonjwa asipoweza. Mwenye neno la kwanza ni mgonjwa mwenyewe, maadamu ana fahamu na anaelewa anachoambiwa. Akiwa hawezi, anayeulizwa ni mtu ambaye mgonjwa huyo alimpa mamlaka kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka hayo na sheria nyingine au amri ya mahakama. Watu hao wakikosekana, ndipo idhini inatafutwa kwa jamaa wa karibu.

Kwa hiyo karatasi yako inamtangulia jamaa, awe kaka, mwana au shemeji. Kifungu hicho hakisemi mwanamume, hakisemi kifungua mimba, hakiulizi nani ameolewa wapi. Katiba nayo, katika ibara ya 27, inawapa wanawake na wanaume haki sawa. Siku ile binti yako hakupungukiwa na haki yoyote ambayo shemeji yako alikuwa nayo. Alichokosa ni karatasi yenye sahihi yako, na bila hiyo wote walikuwa jamaa tu, kila mmoja na sauti yake. Daktari mwenye wagonjwa thelathini hawezi kukaa kuamua nani ana uzito gani katika boma lenu. Mara nyingi atamsikiliza mwenye sauti kubwa, au atasubiri mpaka mkubaliane.

Kuhusu kusubiri, nikuondolee hofu moja. Penye dharura, daktari hangoji sahihi ya mtu. Katiba, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kifungu hichohicho cha 9 kinaruhusu tiba bila idhini pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, isipokuwa kama mgonjwa mwenyewe alikuwa ameikataa. Vita vya familia huzuka kwenye mambo yanayofuata baada ya dharura. Mguu ukatwe au usikatwe? Aanze kusafishwa damu? Ahamishwe kwenda Eldoret? Aendelee na mashine au atolewe? Hapo kuna saa kadhaa, pengine siku kadhaa, za kuamua, na saa hizo ndizo zinazoliwa na ubishi.

Kuna mzee mmoja ambaye sijamsahau, mvuvi wa upande wa ziwa. Kidonda cha sukari kilikuwa kimepanda kutoka kidoleni hadi juu ya kifundo, na daktari akasema mguu ukatwe. Mzee tayari alikuwa anaweweseka kwa homa, hajui yuko wapi. Wanawe wakakataa. Mmoja akaniuliza, tutamzikaje baba bila mguu? Mke wake alikaa kwenye benchi siku nzima bila kusema neno. Jioni, vijana walipokwenda kutafuta chakula, akaniambia kwamba mume wake alikuwa ameshalisema jambo hilo zaidi ya mara moja, nyumbani, wakitengeneza nyavu: heri mguu mmoja na kuona wajukuu kuliko miguu miwili kaburini. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya vijana. Akasema, nani angeniamini? Vijana walikubali siku ya tano, walipohakikishiwa kuwa mguu wenyewe ungezikwa kwao. Mzee hakufika kwenye meza ya upasuaji. Nilirudi kwenye benchi lile baadaye nikalia, kwa sababu matakwa ya mzee yalikuwepo, yalijulikana, na yalikuwa yamekaa pale pale korido ndani ya kifua cha mama yule.

Ndiyo maana naona kumchagua mtu ni kazi ngumu kuliko kuandika karatasi.

Sisi tunajua kazi ya msemaji. Tukienda kupeleka mahari hatutumi watu kumi waongee kwa pamoja. Tunamchagua mmoja, anayejua tulichokubaliana nyumbani, asiyebabaika akirushiwa neno, na asiyeongeza ng'ombe wake mwenyewe kwenye hesabu. Msemaji wa matibabu ni mtu wa namna hiyo hiyo. Kazi yake ni kusema ambalo wewe ungesema kama ulimi wako ungekuwa unafanya kazi, hata kama yeye mwenyewe analiona vingine.

Kwa kipimo hicho, mwenye pesa hafai kwa sababu ya pesa, wala aliye mkubwa hafai kwa sababu ya umri. Mwanao wa Qatar anakupenda, na pesa zake zimekuweka hai, lakini kulipa bili na kutoa idhini ni vitu viwili. Mtu aliye mbali anaona picha moja ya video, kisha mtandao unakatika. Hakuona mama alivyoshindwa kumeza uji asubuhi. Tena nimeona mara nyingi aliye mbali akitaka kila kitu kifanywe, kwa maumivu ya kutokuwepo. Simlaumu. Lakini mwili ni wako.

Sasa nikuulize kuhusu binti yako, maana kukufikisha hospitali na kukusindikiza kliniki hakutoshi. Je, anaweza kumuuliza daktari swali lilelile mara ya pili asipoelewa? Anapatikana kwa simu usiku? Akikemewa na baba yake mdogo mbele ya watu, atasimama au atalia akaondoka? Halafu swali gumu kuliko yote: je, anaweza kukuachilia? Kuna watoto wanaompenda mama kiasi kwamba hawawezi kusema imetosha, hata mama alipokwisha kuwaambia waseme hivyo. Mpime. Siku moja mkiwa jikoni wawili tu, mwambie jambo moja unalolitaka ambalo unajua yeye hatalipenda, kisha mtazame. Asiporuka kukubishia, akakuuliza kwa nini mama, basi huyo ni msemaji. Akianza kukuambia usiseme hivyo, Mungu hatakubali, mpe muda, lakini usimpe karatasi bado.

Na usiwateue watoto wote kwa pamoja. Najua moyo wa mama unavyokwenda: uwape wote mamlaka sawa, asihisi yeyote kuachwa. Hiyo ni kurudisha korido ileile, safari hii kwa sahihi yako. Mteue mmoja, na wa pili wa akiba atakayesema endapo wa kwanza hapatikani. Wa akiba si lazima awe mtoto. Dada yako, mpwa wako au mwenzako wa chama anayekujua vizuri anafaa, maana sheria inataka mtu uliyempa mamlaka tu. Haidai awe damu yako.

Baada ya hapo mkae muongee, na muongee kwa majina ya vitu. Wengi husema "sitaki mashine" halafu wanadhani wamemaliza. Mashine ipi? Mashine ya kupumulia baada ya upasuaji inaweza kuwa ya siku mbili ukarudi nyumbani ukapika. Mashine hiyohiyo kwa mtu ambaye ubongo umeharibika sana na kiharusi ni jambo jingine kabisa. Wewe una sukari na presha, kwa hiyo maswali yako yanajulikana mapema, nayo ni bahati ambayo aliyegongwa na bodaboda hana. Figo zikichoka, uko tayari kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa muda gani? Kidonda kikikataa kupona, mguu ukatwe? Kiharusi kikikuacha hujui watoto wako na huwezi kumeza, uwekwe mpira wa kulishia puani miezi na miezi? Moyo ukisimama ukiwa umeshadhoofika sana, wabonyeze kifua kuurudisha au wakushike mkono? Mwulize daktari wako wa kliniki kila kimoja kinakuwaje, kinauma vipi, kinasaidia nani. Ana wajibu wa kukueleza, na Sheria hiyohiyo ya Afya, kifungu cha 8, inataka uelezwe, inapowezekana, kwa lugha unayoielewa. Kama Dholuo ndiyo inayokuingia vizuri, iombe.

Usiishie kwenye tiba. Mwambie binti yako maisha kwako ni nini. Ni kumtambua mjukuu anapoingia? Ni kukaa kanisani Jumapili hata kwa kiti cha magurudumu? Ni kuwa nyumbani, hata kama hospitali ingekuongezea wiki mbili? Hakuna orodha inayoweza kutaja kila ugonjwa, lakini msemaji anayejua unachokithamini ataweza kujibu hata swali ambalo hamkuwahi kuliwaza.

Na shamba, mama. Hili watu huliogopa kuliko kifo. Semeni kama shamba liuzwe kulipia wodi ya wagonjwa mahututi, na kama ndiyo, hadi wapi. Hakikisha umejiandikisha na unalipia bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, lakini usiitegemee ikuamulie. Nimeona familia iliyouza ekari zote kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema tusiuze. Mama akiwa amelisema mwenyewe, watoto hawabebi lawama hiyo maisha yao yote.

Karatasi yenyewe ni fupi. Kifungu cha 9 kinataka maandishi, hakitaji fomu maalumu wala muhuri wa wakili. Unaweza kuandika kwa mkono wako:

"Mimi, (majina yako matatu na namba ya kitambulisho), nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, nampa mamlaka binti yangu (majina, namba ya kitambulisho, simu) kutoa au kukataa idhini ya matibabu kwa niaba yangu wakati wowote nitakapokuwa siwezi kufanya hivyo mwenyewe. Naruhusu madaktari wamweleze hali yangu na kumwonyesha faili langu. Asipopatikana, nampa mamlaka hayo (jina la wa akiba). Matakwa yangu ni haya..."

Kisha matakwa, tarehe, sahihi yako, na sahihi za mashahidi wawili. Mashahidi wasiwe watoto wako wala wanaotarajia kurithi. Mzee wa kanisa na jirani wanatosha. Usiiache ile sentensi ya kuonyeshwa faili, kwa sababu habari za afya yako ni siri yako, na hospitali ina haki ya kumnyima binti kama hukuandika. Ingawa sheria haidai, mimi nakushauri uipeleke kwa wakili aliye pia kamishna wa viapo aigonge muhuri. Shemeji mwenye hasira hupoa kidogo akiona muhuri. Na siku hiyohiyo, au karibu nayo, daktari wako aandike kwenye faili kwamba alikuona na unajielewa vizuri, asije mtu akasema ulikuwa umeshaanza kusahausahau.

Kuna vitu viwili watu huvichanganya na karatasi hii. Cha kwanza ni lile jina la jamaa wa karibu unaloandika kwenye fomu ya hospitali au ya benki. Hilo ni la kupigiwa simu, peke yake halimpi mtu mamlaka ya kuwatangulia jamaa wengine. Cha pili ni hati ya uwakili, ile ya kumpa mtu mamlaka juu ya shamba au biashara. Hiyo ya kawaida hukoma aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, yaani inaisha pale pale unapoihitaji. Usikubali mtu akuandikie hati moja yenye kila kitu ndani yake, matibabu, shamba na kadi ya ATM. Matibabu yawe peke yake.

Maadamu unaweza kusema, hata kwa kutikisa kichwa, neno ni lako na binti anangoja. Unaweza pia kubadilisha mawazo siku yoyote. Ukiandika mpya, kusanya nakala za zamani uzichane. Naye hawezi kumtaka daktari afanye kitu kilichokatazwa na sheria.

Sasa swali lako la pili, la kuwatenganisha watoto. Kinachotenganisha watoto ni kugundua karatasi siku ya msiba. Mpigie kwanza mwanao wa Qatar, kabla ya yeyote, wewe mwenyewe, usimtume dada yake. Mwambie: mwanangu, wewe ndiye nguzo ya matumizi, na naomba uendelee, dada yako yuko karibu na kitanda, naomba yeye ndiye aongee na daktari, na kabla ya jambo kubwa akupigie. Hilo la kupiga simu liandike kwenye karatasi, kwamba atashauriana na kaka yake inapowezekana, lakini uamuzi wa mwisho ni wake. Mtu aliyepewa heshima yake mapema hana sababu ya kuidai kwa kelele. Kisha waite wengine, wasomee kwa sauti yako, na wapigiane picha ya karatasi. Watakuambia unajichuria. Wajibu kwamba uchuro ulikuwa mwaka jana, ulipokuwa umelala na wao wanagombana, na hutaki urudi.

Shemeji ndiye wa kushughulikiwa kwa upole, maana mara nyingi hofu ya wazee wa boma si kuhusu dawa, ni kuhusu mazishi. Mwambie waziwazi kwamba mamlaka ya binti yako yanakoma pumzi inapokoma. Karatasi hii haigusi kaburi. Wazee wote wa Nyanza wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukakataa, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kama una matakwa ya mazishi yaandike kando na uyaongee na shemeji mwenyewe, lakini ujue mahakama zetu huyapa uzito bila kufungwa nayo. Mzee akijua kwamba hujamnyang'anya lililo la boma, huenda akawa shahidi wa kwanza kumtetea binti yako wodini. Nimewahi kuona hivyo, na ilikuwa furaha kubwa.

Pakizuka ubishi hata hivyo, iwe Rasia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, au hospitali nyingine yoyote, binti yako asibishane na jamaa kwenye korido. Amwombe daktari mkuu wa wodi chumba cha faragha, aiweke karatasi mezani, na aombe afisa wa ustawi wa jamii awepo. Akiombwa nakala, aitoe na abaki na yake.

Nakala moja mpe binti, moja wa akiba, moja mtumie mwanao, na moja ikae kwenye bahasha pamoja na kitambulisho chako, mahali ambapo mtu anaweza kuiona akikukuta umeanguka. Nyingine ipeleke kliniki. Siku yako ijayo ya kuonana na daktari nenda na binti, mkae wote wawili mbele ya meza, na umwombe daktari aandike jina lake na namba yake ya simu kwenye faili ukiwa unamwona anaandika.